Injini Iliyokufa Maji Wakati wa Kipupwe: Uchambuzi wa Kisa cha Boti Moja ya Hori ya Tudor

Mwishoni mwa Septemba, kusi, ule upepo mkali utokao kusini, ilipokuwa imeanza kulegea na wavuvi wa Mombasa wakianza kuitazama tena bahari ya nje ya mwamba, niliitwa kuikagua boti moja iliyokuwa imefungwa kwenye boya katika hori ya Tudor tangu katikati ya Aprili. Mwenyewe alikuwa amerudisha betri mahali pake, amefungua tangi akaona dizeli imo, kisha akazungusha ufunguo. Stata ikagonga mara moja ikanyamaza. Akaazima betri ya pili, ikawa vilevile. Fundi aliyekuwa naye alishauri itiwe spana ndefu kwenye bolti kubwa ya mbele ya injini, ilazimishwe kuzunguka kwa nguvu za watu wawili. Bahati njema, spana ya saizi hiyo haikupatikana siku ile, na ndiyo sababu kisa hiki kimebaki na ushahidi wa kutosha kuchambuliwa.

Boti yenyewe ni ya faiba, ya futi 26, yenye kibanda cha kulala watu wawili. Ndani yake mna injini ya dizeli ya silinda tatu, tangi la maji baridi la lita 120, sinki, na choo cha kupiga pampu kwa mkono. Mwenyewe ni mstaafu aliyeinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirejea kwao, na pamoja na funguo alikabidhiwa kitabu cha maelekezo cha injini. Nataka ieleweke mapema kwamba huyu si mtu mzembe. Alipoona mvua za masika zimekaribia, alifungua kitabu hicho kwenye ukurasa wa kufunga boti majira ya baridi, akatekeleza kila agizo, na kando ya kila mstari akatia alama kwa penseli. Ukurasa huo niliusoma kabla ya kushika spana, na baadaye nikaona kwamba ndani yake mlikuwa na robo tatu ya jibu.

Katika nchi za baridi kali, maji yanapoganda hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9, na yakiwa yamefungiwa ndani ya chuma hayana mahali pa kwenda isipokuwa kukipasua. Kwa hiyo boti ndogo za huko nyingi hupandishwa nchi kavu kabla ya baridi kuingia, na maelekezo ya kuzifunga yote yamejengwa juu ya hofu hiyo moja. Mwenye boti huambiwa abadilishe oili, atoe maji ya bahari yaliyobaki ndani ya injini, na mahali pake atie dawa ya kuzuia kuganda. Huambiwa aitoe impela, yaani kile kigurudumu cha mpira kinachovuta maji ya bahari, kwa sababu mapanga yake yakikaa miezi mingi yamekunjwa ukutani mwa pampu hupinda moja kwa moja na baadaye hukatika. Bilula ya bahari, ile iliyo kwenye tundu la chini ya chombo, huambiwa aiache wazi, kwa kuwa ile yenye tufe ndani hubakiza maji kidogo ikifungwa, na maji hayo yakiganda huipasua. Betri apeleke nyumbani. Hakuna agizo la kipuuzi hata moja hapo, na anayeyaandika anajua kazi yake.

Mwenye boti yetu alisoma maneno “majira ya baridi” akaelewa kipupwe. Si kosa la lugha, maana kipupwe ndiyo baridi tuliyo nayo. Lakini usiku wa Julai hapa Mombasa kipimajoto hushuka hadi karibu nyuzi 20 tu, na barafu pekee ambayo boti hii imewahi kuiona ni ile ya kuhifadhia samaki. Tunachokiogopa sisi msimu wa kusi ni chumvi, unyevu, joto linaloozesha, na mvua za masika, ambazo kilele chake huwa Mei. Wazee wenye mashua na ngalawa walikuwa na utaratibu wao wa msimu huo: chombo kilipandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yalipojaa sana, kikachomwa tumbo kwa makuti makavu ili kuua wadudu wa mbao, kikapakwa shahamu, kikangoja. Hawakuwa na injini ya kuifunga. Sisi tunayo, na wengi wetu tumeacha pia ile desturi ya kupandisha.

Boti hii haikupandishwa. Neno hilo moja halikuwamo kwenye orodha ya alama za penseli kwa sababu mwandishi wa kitabu hakuona haja ya kulisema. Kwake boti iliyofungwa ni boti iliyo juu ya magogo uani.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzitoa nozeli zote tatu, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, kabla ya kujaribu kuizungusha injini tena. Huu ndio utaratibu kwa injini yoyote ya dizeli iliyogoma kuzunguka baada ya kukaa majini, kwa kuwa maji hayagandamiziki kama hewa: kama silinda ina maji na pistoni ikasukumwa juu yake kwa nguvu, kinachopinda ni fimbo ya pistoni, na hapo tatizo la siku mbili hugeuka kuwa la kununua injini nyingine. Silinda ya kwanza na ya pili zilikuwa na unyevu na kutu kidogo. Ya tatu, iliyo karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, ilikuwa na maji ya rangi ya hudhurungi, kiasi cha kikombe cha kahawa, na chini yake kutu iliyoshikamana na pete za pistoni. Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa.

Fundi alisema gasketi ya kichwa imeungua, na maji ya kupozea yamepenya. Ni dhana ya kuheshimiwa, kwani kwenye matatu na malori ndilo jibu la kila siku. Lakini injini ya boti ya aina hii ina njia mbili za maji zisizokutana: kulanti inayozunguka ndani ya injini, na maji ya bahari yanayopita katika mirija ya kipozeo kuipoza kulanti hiyo, kisha yanaingizwa kwenye kiwiko cha ekzosi na kutoka nje pamoja na moshi. Chombo cha kulanti kilikuwa kimejaa hadi shingoni. Na yale maji ya silinda ya tatu, tulipoyaanika juani kwenye kifuniko cha mkebe, yaliacha ukoko mweupe wa chumvi. Yalikuwa maji ya bahari, basi, na hayakupita kwenye gasketi.

Dhana ya pili ilikuwa kwamba mawimbi ya kusi yameingia kwa nyuma kupitia tundu la moshi. Hiyo ilianguka haraka zaidi. Mpira wa ekzosi hupanda na kufanya shingo ya bata kabla ya kutoka nje, na kipande cha baada ya shingo kilikuwa kikavu, kina vumbi na utando wa buibui mzima. Buibui hafumi utando mahali pa mawimbi.

Iliyobaki ilikuwa njia ya mbele, ile ya maji ya bahari yenyewe. Bilula ilikuwa wazi, kama kitabu kilivyoagiza. Impela ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imepakwa mafuta vizuri, kwenye droo ya jikoni. Hapo pampu ilikuwa imebaki tundu tupu lenye kifuniko, na kutoka baharini hadi kiwiko cha ekzosi palikuwa na njia moja iliyonyooka isiyo na kizuizi. Waashi hutumia mpira mwembamba wenye maji kupima usawa wa ukuta: popote uushikapo, maji ya upande huu na upande ule husimama kimo kimoja. Njia hii ya injini ilikuwa mpira wa mwashi, upande mmoja bahari ya Tudor, upande wa pili kiwiko cha ekzosi.

Hata hivyo, boti ikielea sawasawa, kiwiko hicho kiko juu ya mstari wa maji, kwa kipimo changu sentimita 10 hivi, na maji yangesimama chini yake bila kuleta madhara. Kwa siku nzima hili lilinitatiza, kwa sababu siku ile boti ilikuwa ikielea vizuri kabisa. Nilipoizunguka kwa ngalawa ndipo nikaona mstari wa majani ya bahari, yale ya kijani yanayoota pale maji na hewa yanapokutana. Upande wa omo, yaani mbele, mstari ulikuwa mahali pake. Upande wa tezi ulikuwa na mwenzake wa pili, mkavu, uliofifia, karibu sentimita 15 juu zaidi. Boti ilikuwa imewahi kukaa majuma kadhaa tezi ikiwa imezama, kisha ikainuka.

Kijana anayelinda vyombo pale alieleza bila kuulizwa mara mbili. “Ami, mwezi wa tano maji yalifika magotini,” alisema. “Mwezi wa sita nikayakomba kwa ndoo siku mbili, nikajua mambo yamekwisha.” Matundu ya kutolea maji kwenye sitaha ya nyuma yalikuwa yamezibwa na majani ya mikoko pamoja na mifupa ya samaki ambayo kunguru wa mji huu hupenda kwenda kuila juu ya boti za watu. Sitaha hiyo ina eneo la mita nne za mraba. Kila milimita 100 za mvua zikiangukia hapo bila pa kutokea ni lita 400, na milimita 300 ni lita 1,200, yaani uzito wa zaidi ya tani moja, kama watu kumi na sita wameketi tezini usiku na mchana. Maji yalijaa, yakavuka kizingiti cha mlango, yakashuka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Ngamani mlikuwa na pampu inayojiwasha yenyewe maji yakipanda, pampu nzima isiyo na kasoro, ila betri yake ilikuwa nyumbani kwa mwenye boti mtaani Majengo, sebuleni, imechajiwa vizuri na kufunikwa kitambaa.

Kwa hiyo mvua ilizamisha tezi, tezi ikakishusha kiwiko chini ya usawa wa bahari, bahari ikapita kwenye pampu isiyo na impela, ikajaza mafla, ikapanda na kumwagikia kwenye bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, na huko ikakuta valvu ya silinda ya tatu iko wazi, maana injini isimamapo lazima valvu fulani ziwe wazi. Sehemu yake ilipenya kando ya pete hadi kwenye oili. Kisha yule kijana, kwa nia njema, akakomba maji ngamani, tezi ikainuka, na chuma kilicholowa chumvi kikaachwa na hewa kwa miezi mitatu. Injini iliyozama na kubaki imezama huharibika polepole kuliko ile iliyolowa kisha ikapata hewa. Watu wengi hawaamini hili mpaka waone wenyewe.

Angeitwa fundi siku ile ya kukomba maji, labda injini ingepona. Maji yangetolewa kwa kuizungusha kwa mkono nozeli zikiwa nje, ingemiminiwa mafuta mepesi kwenye silinda, oili ingebadilishwa mara tatu au nne mpaka ikome kuwa nyeupe, kisha ingewashwa na kupashwa moto sawasawa. Mwezi wa tisa ilibidi ifunguliwe yote. Silinda ya tatu ilikuwa imeliwa vishimo, ikachongwa na kuvishwa slivu mpya, yaani bomba la chuma la ndani, na pete na valvu zikabadilishwa zote. Bili hiyo ingelipa kupandishwa na kushushwa kwa boti misimu kadhaa, na mwenyewe alilitamka hilo kabla yangu.

Upande wa maji baridi, hasara ilikuwa ndogo lakini kosa lilikuwa la ukoo uleule. Kitabu kilitaja dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda, ile ya propilini glaikoli ambayo haina sumu kama ethilini glaikoli ya injini, na kikaagiza itiwe kwenye mabomba baada ya tangi kumwagwa lote. Yeye alikuwa na lita 5 alizoachiwa na Mzungu yule, akazimimina kwenye tangi lililokuwa bado nusu. Lita 5 ndani ya lita 60 ni kama asilimia 8. Katika kiwango hicho dawa haizuii chochote, na mbaya zaidi inageuka kuwa chakula: glaikoli iliyozimuliwa sana huliwa na bakteria, na katika tangi lenye joto la Mombasa bakteria hao hawakungoja kualikwa. Tulipofungua bilula ya sinki yalitoka maji ya kuteleza yenye harufu ya ndoo ya mop iliyosahauliwa. Hapakuwa na haja ya dawa hata tone. Tangi la boti Mombasa humwagwa likakauka, vifuniko vikaachwa wazi nyuma ya wavu wa mbu, basi.

Kulisafisha kulichukua siku mbili. Tulimwaga, tukasugua kwa brashi palipofikika, tukajaza maji safi na kutia jiki iliyoandikwa asilimia 3.5 kwa kiasi cha mililita 170 kwa lita zote 120, ambacho huleta miligramu 50 hivi za klorini kwa kila lita. Tukafungua kila bilula mpaka harufu ya klorini ikatoka, tukaiacha usiku kucha, tukasuuza mara mbili. Choo hakikuwa na hadithi ndefu: maji ya bahari yaliyobaki ndani ya mipira yalikuwa yameoza na kunuka yai viza, na ndoo mbili za maji baridi zilizopigwa pampu mwezi wa nne zingetosha, bilula zake zote mbili zikafungwa baadaye.

Mtu atakayebakiza boti yake majini msimu wa kusi, kwa sababu yoyote ile, ana orodha tofauti na ya kitabu, na moyo wake ni bilula. Baada ya safari ya mwisho injini ipashwe moto, oili ibadilishwe wakati huo huo na isingoje msimu mpya, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na unyevu ambavyo hula beringi zikiwa zimelala. Kisha bilula ya bahari ifungwe, mpira uchomolewe na kutumbukizwa kwenye pipa, na injini inyweshwe maji baridi mpaka chumvi itoke. Kwa injini hii mitungi mitatu ya lita 20 ilitosha. Hapa niongeze neno kwa wakazi wa kisiwani: visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye matumbawe na maji yake yana chumvi, hivyo kuisafisha injini kwa maji ya kisima cha namna hiyo ni kuiogesha kwa tope. Nunua ya mfereji kwa mwenye mkokoteni, na uyaonje kabla ya kumlipa.

Impela ikitolewa, bilula ibaki imefungwa, na impela yenyewe itundikwe kwenye ufunguo wa kuwashia, ili asiwepo mtu wa kuwasha injini kabla hajakumbuka kuirudisha na kufungua maji. Zinki ndani ya kipozeo, kile kipande kinacholiwa na chumvi badala ya kipozeo chenyewe, itazamwe; ikiwa imeliwa nusu, haitafika Oktoba. Tangi la dizeli lijazwe hadi juu, maana nafasi tupu hukusanya jasho la hewa, na mahali dizeli na maji hukutana huota ule ute mweusi unaoziba chujio. Betri moja ibaki chomboni kwa ajili ya pampu ya ngama, pamoja na paneli ndogo ya sola. Matundu ya sitaha yazibuliwe kila wiki mbili, na anayelinda aambiwe wazi kwamba kazi yake ni kutazama tezi na omo, siyo tu kuona kwamba chombo bado kipo.

Liko jambo ambalo mimi na yule fundi hatukukubaliana, na hatujakubaliana hadi leo. Yeye anasema injini iwashwe kila mwezi dakika kumi ili isilale. Mimi naona dakika kumi bila mzigo haziitoi hata jasho la ndani. Huipasha nusu, unyevu hubaki kwenye oili, na ekzosi hujazwa tena maji ya chumvi ambayo tulihangaika kuyatoa. Kama haiwezi kwenda safari ya saa nzima, bora izungushwe kwa mkono mizunguko miwili mitatu, nozeli zikiwa mahali pake na kizima-injini kikiwa kimevutwa, kisha iachwe.

Mwenye boti alitusikiliza sote wawili akacheka. Aprili iliyofuata, kwenye bamvua la kwanza baada ya mvua kuanza, aliipandisha boti nchi kavu, akaiinamisha kidogo upande wa tezi ili maji ya sitaha yatoke yenyewe, na akafungua kile kitabu cha Mzungu ukurasa uleule. Safari hii kila agizo lilimfaa, isipokuwa ile dawa ya waridi, ambayo aliikata kwa mstari wa penseli.